Mama ana presha na maharage yanamjaza gesi: aache au aendelee?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Pasua, Moshi: Mama yangu ana miaka 61 na ana presha. Mwezi uliopita alipima damu akaambiwa kolesteroli mbaya imepanda kidogo, akashauriwa ale zaidi maharage na jamii ya kunde kwa sababu ya nyuzinyuzi. Akaanza kwa nguvu zote, bakuli mchana na bakuli jioni. Haikufika wiki, tumbo limejaa, linanguruma, usiku halali. Jirani akamwambia gesi ya maharage hupanda ikasukuma moyo, na kwamba maharage ndiyo yanayoleta vidonda vya tumbo. Ameacha kabisa, na sasa shida yake ya zamani ya kufunga choo imerudi. Nyumbani tunapika maharage kwa magadi ili yaive haraka. Je, hizo nyuzinyuzi zinasaidia moyo kweli au ni maneno tu?

Jibu:

Dada, mpe mama pole, na umwambie asiyaache maharage. Aliyemshauri hakukosea. Palipoharibika ni pawili: alianza kwa pupa, na sufuria yenu ina magadi. Nitaanza na moyo kwa kuwa ndio uliouliza, ila hilo la magadi lisome mara mbili.

Ini hutengeneza nyongo, na malighafi yake ni kolesteroli. Nyongo ikishamwagwa kwenye utumbo mwembamba na kusaidia kumeng'enya mafuta, karibu yote, kama asilimia 95, hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo huo na kurudi kwenye ini ikatumike upya. Mwili wetu una ubahili wa aina hiyo. Sasa, sehemu ya nyuzinyuzi za maharage ikikutana na maji huwa ute mzito kama wa bamia. Ute huo hunasa kiasi cha nyongo na kuondoka nacho chooni. Ini likikuta nyongo imepungua, linalazimika kutengeneza nyingine, na kolesteroli ya kuitengenezea linaichota kwenye damu. Ndivyo kolesteroli ya kwenye karatasi ya majibu inavyoshuka.

Inashuka kwa kiasi gani? Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walikusanya majaribio 26 ambamo watu walilishwa maharage, dengu, njegere na wenzao. Waliokula wastani wa gramu 130 kwa siku, zikiwa zimeshapikwa, walishusha kolesteroli mbaya (ile inayoandikwa LDL) kwa milimoli 0.17 kwa lita, yaani kama asilimia 5. Gramu 130 si nyingi, ni kama robo tatu ya kikombe. Na asilimia 5 nayo si ya kupigia vigelegele, maana dawa za statini hushusha asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo kama daktari amemwandikia mama dawa, au atamwandikia, asije akaiweka kando kwa sababu anakula kunde. Vinakwenda pamoja.

Lakini kolesteroli ni sehemu moja tu ya hesabu. Bakuli la maharage lina potasiamu, madini yanayosaidia kushusha presha. Wanga wake humeng'enywa polepole, hivyo sukari haipandi kwa kishindo baada ya kula, na hilo lina maana kubwa kwa mtu wa umri wake hata kama hajaambiwa ana kisukari. Tena likikaa mezani badala ya nyama ya mafuta, limeshaondoa kitu kabla hata halijaongeza. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio mengine 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi, wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa, walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 15 hadi 30 ya kufa mapema, kuugua moyo, kupata kiharusi, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana. Faida ilionekana zaidi kuanzia gramu 25 hadi 29 kwa siku. Bila shaka mtu anayekula hivyo mara nyingi ndiye pia anayetembea kwa miguu na asiyevuta sigara, kwa hiyo si haki kuyapa maharage sifa zote. Hata hivyo, majaribio yale 58 nayo yalionyesha uzito, presha na kolesteroli vikishuka, na hapo kisingizio cha kutembea hakipo, maana watafiti ndio waliopanga nani ale nini.

Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku. Hebu tazama sahani za kawaida za hapa mjini: asubuhi chai na mkate mweupe, mchana ugali wa sembe na kipande cha nyama, jioni wali na mchuzi. Ukijumlisha huko kote, gramu 15 ni za kutafuta kwa tochi. Gramu 100 za maharage, kunde, choroko, mbaazi au dengu zilizopikwa zina gramu 6 hadi 8 za nyuzinyuzi. Ile robo tatu ya kikombe inakupa karibu theluthi moja ya mahitaji ya siku kwa mpigo mmoja, na sijui chakula kingine cha bei hiyo pale soko la Mbuyuni kinachofanya hivyo.

Kuna utafiti wa hapa hapa kwetu nao, na nashangaa hausemwi zaidi. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba kilichoko KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili, yaani ndizi, mboga za majani, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye mlo wa kizungu wa vyakula vya viwandani. Waliozoea mlo huo wa kisasa nao wakahamishiwa wa asili. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa wiki moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 kwenye jarida la Nature Medicine: waliohamia mlo wa kisasa walipandisha viashiria vya uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioonekana kwa macho lakini unaohusishwa na maradhi ya moyo, na chembe zao za kinga zikalegea mbele ya vimelea. Waliohamia mlo wa asili, na hata wanywaji wa mbege, mambo yao yalikwenda kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Mlo ule haukuwa maharage peke yake, kwa hiyo usinifanye niseme zaidi ya yaliyopimwa. Na kabla baba mdogo hajaidaka hiyo habari ya mbege: vijana wale walikuwa wazima, mama ana presha.

Tuje tumboni. Nyuzinyuzi zisizoyeyuka, hasa za ganda, huvuta maji na kuongeza ujazo wa choo, kikapita laini na mapema. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, ndiye aliyeishika hoja hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye na wenzake walipima choo cha wanavijiji wa Afrika na cha Waingereza, wakaona cha wanavijiji ni kingi zaidi na hakikai tumboni muda mrefu. Watu walimcheka kidogo kwa kupima vinyesi, kisha wakamsikiliza. Kwa mama, kufunga choo si kero tu. Mtu wa presha hatakiwi kukaa chooni akijikamua, na kukamua huko ndiko kunakochokonoa bawasiri.

Sasa gesi. Ndani ya maharage mna sukari za aina yake, rafinozi na stakiozi, ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazipokea kwa shangwe. Wanachachusha sukari hizo pamoja na sehemu ya nyuzinyuzi, na uchachu ukiwepo hewa haikosekani. Lakini uchachu huo huo ndio unaotoa butireti, asidi ambayo seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia kama chakula chao kikuu. Kwa hiyo ukitaka faida bila hewa hata kidogo, unataka wali usio na wanga.

Habari njema ni kwamba tumbo huzoea. Watafiti wa Marekani waliwapa watu nusu kikombe kwa siku kwa wiki kadhaa na kuwauliza kila wiki hali ya gesi. Wiki ya kwanza, karibu nusu ya waliokula maharage walisema imeongezeka. Waliokula kunde waliosema hivyo walikuwa asilimia 19 tu. Na wengi wa waliosumbuliwa walisema imetulia kufikia wiki ya pili au ya tatu. Hapo ndipo mama alipoteleza: alijitwisha mabakuli mawili kwa siku, akaacha kabla bakteria hawajajipanga.

Kuhusu gesi kusukuma moyo, jirani hasemi uongo wa makusudi. Tumbo likijaa hewa huinua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mtu akahisi kubanwa au moyo kudunda. Gesi haiharibu moyo. Ninachoogopa mimi ni kinyume chake: mtu mwenye presha na kolesteroli kuumwa moyo wenyewe, nyumba nzima ikasema ni gesi ya maharage, akachemshiwa tangawizi mpaka asubuhi. Maumivu ya kifua yanayobana kama mzigo, yanayokwenda mkononi, shingoni au taya, au yanayokuja na jasho jembamba, kichefuchefu na pumzi kukata, hayasubiri kupambazuka. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, ikitokea ni gesi mtarudi nyumbani mkicheka.

Vidonda vya tumbo haviletwi na maharage. Vinaletwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Kama mama anameza diklofenaki za duka la dawa kwa ajili ya magoti, hizo ndizo za kuulizwa maswali, na zaidi ya tumbo zinapandisha presha pia. Mwenye kidonda tayari anaweza kusikia maharage yanamsumbua. Huyo apimwe na atibiwe kidonda.

Nimefika kwenye magadi.

Najua kwa nini yapo jikoni kwenu, gesi ya kupikia si bei rahisi. Na kuna sababu ya kijiografia watu wa pwani hawaijui: kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Hapa Moshi mjini yanachemka kwenye nyuzi kama 97, Arusha kama 95, na ukipanda Kibosho au Marangu ni chini zaidi ya hapa mjini. Maharage yale yale ya Dar huku yanachukua muda mrefu. Magadi yanalegeza ganda haraka, na kiburu, ule mchanganyiko wetu wa ndizi na maharage, bila magadi kwa wazee wengi si kiburu.

Lakini magadi ni chumvi za sodiamu, kabonati na baikabonati. Mama ameambiwa apunguze chumvi, akapunguza ile ya kopo, kisha sodiamu ikaingia kwa mlango wa uani. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na kibonge cha magadi hakihesabiwi na mtu. Pia magadi yanaua sehemu kubwa ya vitamini B1 ya maharage. La tatu ni la kanda yetu hasa: magadi mengi ya kaskazini yana floraidi nyingi. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Kilimanjaro tumezoea kuyalaumu maji, na ni kweli maji yanahusika, ila magadi ya chungu nayo yametajwa katika tafiti za hapa. Kwa kifupi, mama alikuwa anakula dawa ya presha na kichocheo cha presha katika bakuli moja.

Acheni magadi kwa chakula chake. Pikeni hivi. Chagueni maharage ya msimu huu, maana yaliyokaa ghalani mwaka mzima huwa magumu hata ukiyachemsha siku nzima. Usiku yaloweke kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Asubuhi yatakuwa yamevimba, na juu ya maji utaona povu jepesi. Mwaga maji yote, suuza, weka mengine. Zile sukari za gesi zinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo sehemu yake imeondoka na maji uliyomwaga, wakati nyuzinyuzi zimebaki. Ukisahau kuloweka, chemsha dakika 3, funika saa moja, mwaga, endelea. Injika kwa moto mkali yachemke haswa kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayotapisha na kuharisha, na moto wa taratibu peke yake hauiui. Kisha yaache yaive mpaka ukibonyeza punje kwa vidole viwili inapondeka bila kiini kigumu katikati. Maharage yasiyoiva sawasawa ni nusu ya kesi za gesi ninazoletewa. Nyanya na ndimu ziingie mwishoni, kwa sababu uchachu hukaza ganda. Chumvi kidogo, mwishoni. Mkiwa na sufuria ya presha, ndiyo fidia halisi ya mwinuko wetu na hela ya mkaa inabaki.

Kwa kiburu, maharage yaliyolowekwa yaive kwanza peke yake, ndipo mwingize ndizi, mponde. Rangi itapungua na wazee watanung'unika. Ladha irudisheni kwa kitunguu, karoti, hoho na giligilani. Wala msizamishe sufuria kwenye tui zito, samli au mafuta ya kukaangia yanayoganda, kwani mafuta ya namna hiyo ndiyo yanayompandishia kolesteroli tunayohangaika kuishusha.

Kiasi cha mama: aanze na kunde au choroko, vijiko vitatu vya mezani mara moja kwa siku, mchana tu, si jioni. Wiki moja hivyo. Wiki ya pili vijiko sita. Wiki ya tatu afike nusu kikombe, kisha robo tatu kama tumbo limekubali, na hapo maharage yenyewe yaingie kwa zamu. Choroko na kunde zinaiva upesi, hata mafuta ya jiko hayaishi. Ngwara (fiwi) ni nzuri pia, lakini ya punje nyeusi ichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Makande ni sawa kabisa, mradi maharage yasiwe ya kutafutia kwa kijiko kati ya mahindi. Anywe maji, maana nyuzinyuzi bila maji humfunga mtu zaidi, na atembee kidogo baada ya kula. Kiporo cha maharage kisitupwe: wanga ukipoa, sehemu yake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa na kufanya kazi kama nyuzinyuzi. Hifadhini kwenye friji, mkichemshe vizuri kabla ya kula.

Huko madukani utaona makopo ya unga wa nyuzinyuzi yakiuzwa kwa bei ya kilo kadhaa za maharage. Sina ugomvi nayo, ila kwa hali ya mama sioni sababu.

Mambo mawili kabla hajaanza tena. Kwanza, mwulizeni daktari kama figo zake zimepimwa, kwa kuwa presha ya muda mrefu huchosha figo, na figo zikishachoka sana potasiamu ya maharage hugeuka tatizo na kiasi chake hupangwa na daktari. Pili, kufunga choo kwake msikuache hivi hivi. Baadhi ya dawa za presha na vidonge vya madini ya chuma hufunga choo, kwa hiyo nendeni na dawa zake zote mkononi. Na kama kuna damu kwenye choo, amekonda bila sababu, au choo kimebadilika ghafla ndani ya miezi michache hii, aonwe kwanza, vijiko vya kunde vifuate. Kolesteroli arudie kupima baada ya miezi 3, tena maabara ile ile kama inawezekana, mkalinganishe karatasi mbili.